Mashini tuliyoombea leo

Bandugu, mashini ya kukunja tôle, bati nene ya milango, imefika mu atelier yetu ya milango, hapa Kimemi. Iko imekaa tu kama jiwe.

Courant inasukuma mafuta ndani yake, mafuta inakunja tôle; haina makelele kama nyundo.

Maman Kavira, jirani yetu, aliingojea kuliko sisi. Tangu alikimbia vita kule Kamango, akisikia nyundo zetu anazani ni masasi, anasukuma batoto chini ya kitanda. Mais hajatutukana hata siku moja.

Donc leo tukaita pasta, kama vile tunafanyaka kwa kila kitu kipya. Maman Kavira akaomba muda murefu kuliko pasta.

Amina.

Nikafinya bouton.

Haikuwaka.

Électricien, fundi wa umeme mwenye alikuja kuiunga, akaangalia nyuma ya mashini. "Hii inakula courant ya triphasé, ile ya nguvu ya nyaya tatu. Mu avenue yenu iko ya kawaida tu. Hamukuuliza?"

Tuliuliza mpaka siku pasta iko libre. Ile ya courant, hapana.

Batu bakaenda. Maman Kavira akabaki, mukono juu ya mashini.

"Donc kesho munapiga nyundo?"

Tuko na milango ya kumaliza. Mungekuwa mimi, mungejibu nini?

Mi nilisema ndiyo.

Akasema: "Basi mungoje kwanza batoto baende ku masomo."