Kompyuta Kuukuu Niliyompelekea Mama

Mama yangu alikuwa anapoteza macho, na mimi dukani nilikuwa na kompyuta ya mezani isiyo na kazi. Ndivyo mambo yalivyoanza.

Daktari alisema sehemu ya nyuma ya jicho imechakaa, na hakuna miwani wala upasuaji wa kuirudisha. Alitupa miezi, hakutupa miaka. Mama hakulia. Alisema anataka kumwona dada yake mara moja tu, auone uso wake vizuri, halafu basi. Mama mkubwa anaishi Mtwara kwa mwanawe, na miguu yake haipandi tena basi. Tulijaribu kwa simu. Mama aliisogeza mpaka puani, akaniambia anaona kilemba kinachoongea.

Runinga hana na hajawahi kuitaka. Nikaikumbuka ile kompyuta iliyokuwa inakula vumbi kwenye duka langu la steshenari Biharamulo. Skrini yake ilitosha uso wa mtu mzima, kwa ukubwa wake halisi. Tatizo ni kwamba ilitengenezwa enzi za waya, haijui waifai ni kitu gani. Nikanunua kipokezi kidogo cha kuchomeka nyuma, mfano wa ukucha wa dole gumba, nikagombana nacho siku mbili mpaka programu yake ikakubali kuingia. Nikanunua na ruta ya laini ya simu, ya kurusha waifai, yenye betri yake, kwa sababu kule kijijini kwa mama, Mabawe, umeme huondoka bila kuaga na simu yangu hushika mtandao nikipanda juu ya kichuguu tu.

Jumamosi nikafika Mabawe na mizigo yangu imeviringishwa kwenye blanketi. Ruta nikaiweka dirishani, kompyuta juu ya meza ya kulia chakula. Nikaandika neno la siri, ikashika. Nilijisikia fundi kwelikweli. Mama aliuliza, "Hicho cheupe kinachomulika ni cha nini?"

"Acha tu, mama, ni mambo ya kompyuta," nikamjibu, sikugeuka hata kumtazama. Mimi ni mtu wa haraka, na mtu wa haraka hapendi kueleza.

Tulipatana na mama mkubwa saa tisa alasiri ya Jumapili. Tulipotoka kanisani mama alioga, akajipaka mafuta, akavaa kitenge ambacho kilikuwa hakijaguswa na maji. Akaketi mbele ya kompyuta saa nzima kabla ya wakati. Nami nikatoka kwenda jiko la nje kuinjika maharage.

Wingu likapanda kutoka upande wa Burundi, radi ikaanza kunguruma. Kwetu radi haina utani. Tangu tukiwa wadogo, mama akisikia mngurumo hufunika kioo cha ukutani, huingiza sufuria zote zinazong'aa, na hakuna ruhusa ya kusimama mlangoni. Niliporudi ndani nimelowa, kioo kilikuwa kimefunikwa kanga, na kompyuta inasema hakuna mtandao.

Nikachomoa kipokezi, nikakipuliza, nikakichomeka tena. Nikaizima na kuiwasha, na kuwaka kwake unaweza kumenya mkungu mzima wa ndizi ukiisubiri. Hakuna. Sikuangalia hata simu yangu kama yenyewe inaona waifai. Hasira ilishaniambia mkosaji ni nani. Nikaiita kopo. Nikaiita mzoga.

"Usiitukane, mwana wanje," mama alisema taratibu, akiniita mwanangu kwa kilugha chetu. "Nayo imezeeka."

Niliona aibu mpaka masikioni. Akauliza kama saa tisa imeshafika. Nikamdanganya kuwa bado, wakati ilikuwa imepita kwa nusu saa.

Nikageukia dirishani ili asinione uso. Ruta haikuwepo.

"Mama, kile cheupe kiko wapi?"

Akaelekeza chumbani kwa kidevu. Uvunguni mwa kitanda kulikuwa na sanduku lake la bati, lile la nguo za kanisani. Nilipofungua mfuniko niliikuta katikati ya vitenge, imefungwa leso vizuri, inamulika peke yake. Bati lote lile, mtandao ungetokea wapi?

"Kilikuwa kinamulika dirishani," mama alisema. "Kingetuitia radi."

"Sasa mbona kompyuta hukuizima?"

Alinishangaa. "Niizime? Si ndimo atakamotokea dada?"

Mwanamke ambaye maisha yake yote ameogopa radi alikuwa amekaa mbele ya kompyuta inayowaka, mvua ikipiga bati, amekunja mikono mapajani. Na kilichomkosesha ni jibu nililomnyima Jumamosi. Nikamwomba radhi, nikamweleza sasa, polepole, kwamba dada yake anapitia kwenye kile cheupe. Akakiangalia kwa heshima. Akasema basi kirudi dirishani, Mungu atatulinda.

Nikakirudisha, nikapiga kwa kompyuta; ikaita mara mbili, na mama mkubwa akatokea, mkubwa, mvi na makunyanzi yote.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Lakini mbona siwaoni? Huku kwangu ni giza tupu."

Kamera! Kompyuta yangu ya dukani haijawahi kuwa na kamera, na mimi fundi wala sikukumbuka. Nikautazama mkono wa mama ukikinyoosha kile kitenge kipya magotini. Nikaikimbilia simu yangu ili niunganishe upya, mama mkubwa naye amwone.

Mama akanishika kifundo cha mkono bila kuondoa macho kwenye skrini. Alikuwa ameinama mpaka pumzi yake inaacha ukungu juu ya uso wa dada yake, na kila mara anaufuta kwa ncha ya kanga.

"Kale kakovu ka jembe bado kapo," alisema. "Hapo juu ya jicho."

"Si lilikuwa jembe lako wewe!" mama mkubwa akacheka.

"Mama, dakika moja tu, niwashe simu akuone."

"Kaa chini," akaniambia. "Yeye macho anayo, ataniona siku nyingine. Mwenye haraka ni mimi."