Siku Bibi Alipokata Manda Darasani

Wiki iliyopita nilipiga ukelele katika darasa la mwanangu, hapa Kigali, mbele ya wazazi wenzangu na suti zao. Mwalimu alitualika tuone watoto wanavyofundishwa maumbo. Alikata pembetatu ya karatasi, akachana pembe zake zote, akazipanga ubavu kwa ubavu mpaka ncha zikakutana. Ukingo ukanyooka kama umepigwa rula. Watoto walinicheka. Lakini, ndugu yangu, mwili ulinisisimka, maana jambo hilo ndilo lililoninusuru nisitolewe shule.

Nilikulia Biryogo, mtaa wa hapa hapa Kigali, kwa bibi yangu muuza sambusa. Niliamshwa na harufu ya vitunguu, na kazi yangu ilikuwa kubandua manda, vile vichapati vyembamba vya kufungia sambusa, zingali za moto, vidole vikiungua. Shuleni hesabu zilinipiga chenga kila muhula, hadi bibi akachoka. Siku moja alituingilia darasani bila hodi, sinia ya manda kichwani.

“Kichwa yake iko ngumu, mwalimu. Naenda na yeye, anisaidie kukaanga.”

Mwalimu wetu, mwanamke mpole aliyekulia Bujumbura, hakubishana. Tulikuwa tumetoka kuchana pembetatu zetu za karatasi, na pembe za kila moja, zikipangwa, zilikuwa zimenyooka. Akamwambia bibi akate pembetatu yoyote aitakayo, mimi nitabiri pembe zake zikipangwa zitatoka vipi. Nikikosea, anichukue.

Bibi akaketi kwenye benchi letu, akachukua manda, akakata kwa kisu pembetatu ya hila, ndefu, nyembamba, imelala upande.

“Sema!”

“Itanyooka,” nikajibu, karibu nilie. Nikachana pembe zake, nikazipanga.

Ikanyooka. Bibi akaduwaa, mdomo wazi.

“Oya! Hii ni uchawi!”

Akakata nyingine, nene. Ikanyooka. Akakata tena na tena, sinia ikipungua, darasa zima tumemzunguka, naye kila mara anashika kichwa na kumwita Mungu: “Mana we!” Nilipigwa na butwaa kuliko yeye. Mtu aliyekunja pembetatu maisha yake yote, leo pembetatu zinamtoa jasho!

Siku hizi kichochoro chetu kimesakafiwa na kujaa meza za mikahawa. Nilipita Jumamosi nikashindwa hata kujua mlango wetu ulikuwa wapi, nikasimama pale kama mgeni. Bibi naye alishatutoka, na hakuna tena wa kumuuliza.

Siku ile ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuketi darasani. Alipoinua sinia yake hakunishika mkono. Alifika mlangoni, akageuka, akauliza kwa haya ambayo sikuwahi kuiona usoni mwake:

“Kesho munafundisha nini?”

“Duara, mama. Karibu sana.”

Kesho yake nilimwachia nafasi kwenye benchi. Hakuja. Alikuwa anapika manda nyingine, badala ya zile tulizochana.