Picha za Baada ya Kula

Siku ya kwanza nilipoingia studio ya picha ya Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi, nilipewa kigoda na kalamu ya risasi. Kazi yangu ilikuwa retushi, yaani kuchukua filamu iliyokwisha kusafishwa na kuziba madoa ya nyuso kwa ncha ya kalamu kabla picha hazijatolewa kwenye karatasi. Nimefuta chunusi za nusu ya mji huu. Wengi wanaojisifia sura zao za ujana wangepaswa kunishukuru mimi kabla ya wazazi wao.

Lakini sikuja kunyoosha pua za watu. Nilitaka sortie, ile safari ya Jumapili ambapo marafiki hupanda gari asubuhi na masufuria yao, wakaenda kando ya mto au kwenye shamba la mjomba fulani, wakarudi jioni. Kila kikundi kilichojiheshimu kilikwenda na mpiga picha wake, na huyo alikuwa mwanaume siku zote. Chef wa labo, yaani mkuu wa chumba cha giza, mzee aliyenifundisha kusafisha filamu gizani kwa kuhesabu dakika kwa mdomo, alinitania kila wiki: "Weye unapenda kutoka sana. Labo iko na kosa gani?"

Patron wetu, mwenye studio, hakuwa na mzaha. Alinikatalia miaka miwili, mpaka walipokuja washonaji saba wa Kamalondo, wanawake waliokuwa marafiki tangu shule. Kiongozi wao, Mama Odette, alimwambia wazi: "Tutaoga mu mto. Hatutaki mwanaume."

Patron alinitazama kama mtu anayeng'olewa jino. "Utaenda. Ukileta foto muzuri, utatoka tena. Ukikosa, utarudia ku retushi, na usiniulize tena hii mambo."

"Ndiyo, Patron."

Alikuwa na sheria moja ya sortie: picha zote hupigwa mkifika tu, vitenge vikiwa bado vimenyooka na nywele zimetengenezwa. Wakishaanza kula, kamera inarudi mfukoni. Siku zile hakuna mtu wa Lubumbashi aliyetaka kuonekana na vidole kwenye bukari, ule ugali wetu.

Tulishika barabara ya Kinsevere, vumbi jekundu likiingia mpaka masikioni. Vumbi ndilo adui wa filamu, kwa sababu punje moja ikiingia ndani ya kamera huchora mstari kwenye picha zote. Kwa hiyo tulipofika mtoni, nilifunika kamera kwa kitenge changu na kuweka filamu kwa kupapasa, kama mama anayenyonyesha mbele za watu. Nilijiona mjanja kweli kweli. Kisha nikawapanga wale saba mbele ya gari, vitenge vya aina moja, midomo imefungwa kwa heshima, nikapiga, wote pamoja kisha mmoja mmoja.

Filamu ilikuwa ya picha thelathini na sita. Ukifika mwisho, mkono wa kusogeza filamu hukaza. Wangu haukukaza. Nikapiga ya thelathini na saba, nikapiga ya thelathini na nane, na jasho likaanza kunitoka. Upande wa kushoto wa kamera kuna kifundo ambacho lazima kizunguke kila filamu inapotembea. Nilisogeza huku nikikitazama, na kilikuwa kimelala. Chini ya kile kitenge sikuona kwamba ulimi wa filamu, ile ncha yake ya mwanzo, haukushika kwenye kigurudumu cha kuivuta. Nilikuwa nimepiga hewa asubuhi nzima.

Nilipokuwa bado nashughulika na kamera, wale saba walikwisha kuoga na kuketi kula. Nywele zilikuwa zimelowa, na vile vitenge vya fahari vilikuwa vimetandikwa chini ya masufuria. Ningeweza kunyamaza, kisha nikasema filamu iliungua labo. Wanaume wa sortie walifanya hivyo, nami niliwasikia nikiwa kwenye kigoda changu. Lakini kwangu mimi, kurudi bila picha kulikuwa kurudi kwenye kalamu ya risasi maisha yangu yote.

"Mama Odette," nikasema, "foto ya asubui haziko. Filamu haikutembea. Ni kosa yangu."

Mama Odette aliacha kutafuna.

"Zote?"

"Zote. Lakini filamu iko muzima. Minaweza kupiga sasa hivi."

"Sasa? Na hizi nywele? Bantu batasema tulikuya huku juu ya njala."

"Mama, vile muko, muko bazuri."

Mama Odette aliwatazama wenzake, akamega bukari na kuichovya kwenye sombe, mboga ya majani ya muhogo. "Piga basi. Lakini miye sitasimama."

Hakuna aliyesimama. Nikaweka filamu upya, mahali peupe, macho yangu juu ya kile kifundo. Baada ya picha tano walinisahau. Walinyang'anyana kichwa cha samaki, wakasukumana majini, mmoja akacheka mpaka akalala kwenye nyasi.

Jumatatu Patron aliweka kioo cha kukuzia juu ya picha zangu, moja baada ya nyingine. "Nani alikuambia kupiga bantu banakula?"

Nikamweleza ukweli wote. Aliichukua ile ya Mama Odette na kichwa cha samaki, akaitoa kubwa, akaibandika kwenye kioo cha mbele ya studio kwa mkono wake mwenyewe. Kabla ya wiki kuisha, vikundi vitatu vilikuja kumuulizia yule mwanamke anayepiga picha watu wakishaanza kula. Chef wa labo alikuja mpaka kwenye kigoda changu, akaichukua ile kalamu na kuiweka mfukoni mwake. "Dimanche unatoka," alisema.

Nikatoka Jumapili hiyo na zilizofuata. Baadaye studio ilifungua tawi Karavia, nami nikawa mkuu wa sortie huko, na wanaume waliokuwa wakinicheka wakawa wanapokea ratiba kutoka kwangu. Niliipenda sana sehemu hiyo ya kazi.

Sasa nimestaafu, mgongo unauma, na ninyi vijana mnapiga picha mia kwa simu kabla sufuria halijachemka. Pigeni tu. Lakini naona kila kikundi kinachorudi mjini kinakuja na picha ya vidole vyenye mafuta na watu wanaocheka vinywa wazi, na mnadhani ilikuwa hivyo tangu zamani. Haikuwa hivyo. Niliianza mimi, siku niliyokosea filamu, na mpaka leo sijaomba radhi.