Aligeta Ukweni

Kila mvua ikinyesha hapa Shangani, Mtwara, namkumbuka bibi yake mke wangu, Mungu amrehemu.

Miaka ile ya tisini, aligeta lilikuwa neno la wajanja wa Mtwara. Fundi redio aliita hivyo vibanio vyake vyenye meno vya kung'ata waya. Wauza mitumba waliita hivyo viatu vya ngozi ya magamba. Kwangu mimi, aligeta ilikuwa tiketi ya kumuoa Somoe.

Nikanunua viatu hivyo, nikavivaa bila soksi kwenda kujitambulisha kwao kando ya Ruvuma, ambako watu huchota maji nyuma ya uzio wa miti kwa kuhofia mamba. Mvua ikaninyeshea njia nzima. Nilipofika, nikavivua mlangoni, nikavipanga vionekane. Mjomba wake, mwenye kauli ya mwisho, akaviinamia.

"Ngozi gani hii?"

"Aligeta, mjomba. Mamba wa Marekani." Ulimi hauna mfupa, nikaongeza: "Huyu haogopi maji!"

Nikapita kwa maringo juu ya mkeka mpya waliotandika kwa ajili yangu, nikaketi. Wote walikuwa wanatazama chini, nami nikatazama: nyayo za kahawia toka mlangoni hadi nilipoketi, na miguu yangu imekolea rangi mpaka vifundoni.

Bibi akapaza sauti kuelekea uani:

"Somoe! Leta maji umwoshe mchumba wako. Mamba wake kaogopa mvua, kamhamia miguuni!"