Mguu Usiopewa Amri

Usiku ule nililala na barua mfukoni mwa shati, na shati nimelitundika kwenye kiti kando ya kitanda, kana kwamba barua ingeweza kutoroka. Nilikuwa nimeiandika mwenyewe, kwa sentensi zilizonyooka, kumwarifu mganga mkuu wa hospitali yetu kwamba Mwanahawa, fundi mwenzangu kwa miaka tisa, ameunguza kwa uzembe chipu ya mashine ya kupimia usikivu, na kwamba hafai kuendelea na kazi. Ningeifikisha asubuhi.

Mgonjwa anayepimwa kwa mashine hiyo huvaa visikilizi, na chipu moja ndogo huamua sauti iende sikio la kulia au la kushoto. Wiki ile sauti ilianza kuhama yenyewe. Mwanahawa ndiye aliyekuwa ameifungua mashine mara ya mwisho, kwa hiyo nilimwita mbele ya meza yangu.

"Fundi mkuu, sauti inahama nikisogeza mkono tu karibu na chipu," alisema. "Haki ya Mungu, sijaigusa."

"Basi mkono wako una mashetani. Upeleke ukaombewe."

"Kaka, nisikilize kidogo."

"Nimesikia ya kutosha. Umeiunguza kwa chuma chako cha kulehemu, sasa unaniletea hadithi."

Alichukua kikombe chake cha chai akaenda kunywea nje, kwenye ukungu na baridi ya mji wetu wa milimani. Zamani alizoea kunitania mbele ya wauguzi: "Huyu hata chai huikagua kwanza, ndipo ainywe." Siku ile hakutania. Niliing'oa chipu, nikaitupa katika pipa la takataka, nikaenda nyumbani kuandika.

Nyumba yangu ina viti vinne, na huketiwa kimoja. Tangu mke wangu afariki, utani wa Mwanahawa ndio uliokuwa sehemu kubwa ya maneno niliyoambiwa kwa siku nzima. Nililijua hilo nilipokuwa nikitia sahihi. Nilijiambia kwamba mtu wa haki hapimi hasara yake mwenyewe, nikazima taa.

Ndotoni ilikuwa mchana. Nilikuwa katika karakana ya Mwalimu Sanga, aliyenifundisha ufundi wa elektroniki nilipokuwa kijana, na ambaye alifariki miaka sita iliyopita. Lakini nje ya dirisha lake palikuwa na ujia wa hospitali yangu, mtupu, umepigwa deki na bado haujakauka. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti changu, amevaa sweta lake la kijivu lililoungua kiwikoni. Hakunisalimu.

Katika karakana ile palikuwa na desturi moja ambayo hakuna mwanafunzi aliyethubutu kuiruka. Kifaa kikishukiwa kuwa kibovu, hakitupwi. Huwekwa katika kifuniko cha kopo la rangi ya viatu, ambacho Mwalimu alikiita kizimba, pamoja na karatasi yenye maswali mawili: Kimepimwa na nani? Kimekutwa na nini? Hadi maswali yote yajibiwe, kifaa hicho hakina hatia.

"Nani yuko kizimbani leo?" aliniuliza.

"Chipu, Mwalimu."

Anakisogeza kifuniko kwangu. Hamna chipu. Mna karatasi, na juu yake jina la Mwanahawa kwa mwandiko wangu. Mbele ya swali la kwanza pametiwa sahihi yangu. Mbele ya swali la pili ni patupu.

Ninanyanyua uso nijitetee, na tayari tumo katika kile chumba kidogo cha kupimia masikio, chenye kuta nene zisizorudisha sauti. Mwalimu ananivika visikilizi. Mlio unaingia sikio la kulia, mwembamba, wa upweke. Mashine iko wazi mezani, na chipu niliyoitupa imo mahali pake. Anasogeza kiganja juu yake bila kuigusa. Mlio unahamia kushoto. Anaondoa kiganja. Unarudi kulia.

"Kilichoungua hakijui kama kuna mkono," anasema.

Habari hii ya mkono ninaijua. Niliisikia mchana, kwa sauti nyingine, nikaicheka.

"Mguu wa amri uliupima?"

Chipu ile ina mguu mmoja unaopokea amri kutoka kwenye kitufe cha mbele: kulia au kushoto. Kipo kizuio kidogo kinachoushika mguu huo usiyumbe wakati amri haipo. Kikilegea, mguu hufuata chochote kinachopita karibu nao, hata kiganja cha mtu.

"Sikuupima, Mwalimu."

Ananipa lenzi. Ninainama. Kizuio kipo, na tone la risasi ya kulehemia linalokiunganisha na bodi ya mashine limepasuka kwa mduara, kama alama ya ukucha. Pembeni ya tone hilo kumebaki mkia mwembamba wa risasi ambao haukukatwa.

"Mkia huu ninaujua," anasema. "Nilikuambia mara ngapi uukate?"

Na mimi ninaujua. Mwaka jana, nilipotengeneza bodi ileile, ni mkono wangu uliokilehemu kizuio kile. Ninatafuta mlango, na chumba hakina mlango. Katika sikio la kushoto anazungumza Mwanahawa, taratibu, kama mtu aliyekwisha kuchoka: "Kaka, nisikilize kidogo." Katika sikio la kulia hamna kitu.

Mwalimu amenipa mgongo. Anatembea katika ule ujia uliopigwa deki, na nyuma yake hakuna alama ya viatu.

"Mwalimu!" ninaita. "Sikuja kukuzika."

"Ninajua. Ulikuwa unaandika."

Ni kweli. Siku ya mazishi yake nilibaki kazini kumaliza ripoti. Ninataka kuomba radhi. Anageuka mara moja tu.

"Mimi sisikii tena," anasema. "Yeye bado anasikia."

Nikaamka. Kulikuwa kunapambazuka, na ukungu umeziba dirisha. Nilivaa lile shati, nikaenda kazini kabla mfagizi hajamwaga pipa, nikaitafuta chipu kwa vidole hadi nikaipata, nikaiweka katika kifuniko cha kopo. Kisha nikaiweka bodi chini ya lenzi. Mkia wa risasi ulikuwapo. Ufa ulikuwapo.

Mwanahawa aliingia saa mbili, akapita bila salamu, akatundika koti lake. Nilimvutia kiti. Barua niliiweka mezani mbele yake, nimeichana vipande viwili.

"Nini hiki?" aliuliza, bila kuketi.

"Dhambi yangu. Utaisoma baadaye. Kaa, dada, uniambie tena ulichokuwa unaniambia jana."