Injinia Mathenge na Mbegu za Wariara

Mathenge ni injinia. Ukisahau, atakukumbusha mwenyewe.

Babake aliendesha kombaini ya kuvuna ngano hapa Mau Narok miaka thelathini. Mtu mpole, alisalimia hata punda. Mtoto hakurithi hiyo. Alisoma Nairobi, akarudi Nakuru, akapanga vyumba viwili mtaa wa Free Area, juu ya duka la rangi. Huko anatengeneza visanduku vya kuendesha feni na pampu. Ana miaka thelathini na minane na viatu vyeupe. Alizaliwa kwenye matope yetu, lakini akija hutembea kama mtu anayeruka nyoka.

Mimi sikusoma. Najua viazi tu. Marehemu mke wangu, Wariara, alijua kunishinda. Viazi vyake vya mwisho vikiwa na maua, alipita shamba lote akifunga uzi kwa kila shina lenye nguvu. Tulipovuna mwezi wa kwanza, alitoa mbegu kwa mashina hayo peke yake. Magunia sita. Tukayaweka kwa stoo ya kikundi chake cha akina mama, yangoje kupandwa mwezi wa nne.

Mwezi wa pili akafa. Ufunguo wa stoo ukabaki kwangu. Hakuna aliyeniomba niurudishe.

Kikundi kilikuwa kimemwita Mathenge aweke sanduku la kuendesha feni za stoo. Siku hiyo alitufundisha sisi tukiwa tumesimama, yeye amekalia kiti pekee kilichokuwepo.

"Ndani kuna programu mbili," alisema. "Ya chini nimeandika na C. Hiyo ni lugha ngumu, wachana nayo. Ndiyo inashika feni. Ya juu ni skripti. Lugha nyepesi, hata mathe, mama yeyote hapa, anaweza kuibadilisha."

Cheruto, katibu wa kikundi, alifundisha hesabu shuleni mpaka akastaafu. Akauliza, "Na zinaongeaje?"

"Ya chini inaita ya juu. Kila dakika tano inaita fanksheni moja, inaipa joto la stoo, inangoja jibu. Ikirudishiwa moja, inawasha feni. Ikirudishiwa sifuri, inazima. Ni hayo tu, mathe."

Hata mimi nilielewa. Wa chini ana mikono, wa juu ana shauri.

Cheruto akaandika shauri. Joto likipanda, moja. Baridi ya kuumiza mbegu ikija, sifuri. Katikati hakuandika kitu. Kwa kikundi chao, mwenyekiti akiuliza na watu wanyamaze, jambo linabaki lilivyokuwa. Wamefanya hivyo tangu waanze. Kwa hivyo feni ikiwa inazunguka, izunguke. Ikiwa imelala, ilale. Mtu yeyote wa hapa angejua hivyo. Mathenge ni wa hapa.

Mvua ya mwezi wa tatu ikaanza, joto la stoo likakaa hapo katikati. Siku ya tisa nilifungua stoo nikasikia harufu. Feni zilikuwa kimya. Niliingiza mkono kwa gunia la Wariara, ukatoka umelowa.

Nikampigia Mathenge simu.

"Mzee, kwa laptop yangu feni zinafanya kazi."

"Laptop yako haina viazi."

"Usiguse kitu. Utaharibu."

Niligusa. Nilichomoa waya za feni kwa sanduku lake, nikazichomeka ukutani. Nikamwaga magunia yote sita sakafuni, nikaanza kuchagua. Kiazi kimoja kimoja. Cheruto na wenzake watatu wakaja wakapiga magoti pamoja nami.

Mathenge alifika siku ya tatu. Alisimama mlangoni kwa sababu ya viatu. Hakuwa amekuja kumzika Wariara, na hapo mlangoni hakusema pole. Alifungua laptop juu ya kreti.

"Nimeona," alisema. "Skripti ya mathe ndiyo mbaya. Katikati hairudishi kitu."

"Najua," Cheruto akasema, bado amepiga magoti. "Nilitaka feni ibaki ilivyokuwa. Nisiporudisha kitu, yako inasoma nini?"

Akabonyeza. Akabonyeza tena.

"Inasoma sifuri."

"Kwani nilisema sifuri?"

"Hukusema kitu."

"Na yako haiangalii kwanza kama imejibiwa?"

"Fanksheni lazima ijibu, mathe. Iko kwa manual."

"Manual iko wapi?"

Akaangalia viatu vyake.

"Injinia," nikamwambia, "sasa wewe umenyamaza. Tuandike sifuri?"

Akina mama walicheka mpaka mmoja akajifuta macho na leso. Yeye alijifanya anaandika. Baadaye akaandika kweli. Mistari mitatu. Sasa ya chini ikiita ya juu, inaangalia kwanza kama jibu limekuja. Likikosa, feni inabaki ilivyo na king'ora kinalia. Alimaliza kabla chai haijachemka. Kazi ya dakika kumi, na hakuifanya mapema kwa sababu hakudhani mwanamke wa Mau Narok anaweza kumnyamazia akiwa na maana.

"Siku ingine mjaze jibu kila mahali," alituambia, akaenda.

Tulipata gunia moja na nusu la mbegu nzima. Zingine nilizizika kwa shimo nyuma ya stoo.

Hizo zilizobaki sikuzipeleka shamba la mbali. Nilizipanda karibu na nyumba, mistari kumi na mmoja. Zilipofika magotini, Mathenge alisimamisha gari barabarani, akashusha kioo.

"Mzee! Si zimeota!"

"Zimeota."

"Kuna watu wa kikundi kingine nataka kuleta waone hiyo system. Utawaambia inafanya kazi?"

"Nitawaambia."

"Poa sana."

"Halafu nitawaambia mke wangu aliacha magunia sita, na hii ndiyo yote iko."

"Ah, mzee, hiyo si lazima. Hiyo ni mambo ya kitambo."

"Walete," nikasema.

Hajawaleta. Cheruto aliniuliza kama nitakula viazi vya msimu huu. Nilimwambia hapana, hata kimoja. Nikivuna, vyote vinarudi kuwa mbegu.