Dole Gumba la Karani

Karani wa kuandikisha manamba pale Ifakara hakuwa na doa la wino mkononi. Kila mtu akishaweka dole gumba kwenye mkataba, alimfuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha akajifuta na yeye, ingawa hakuchafuka. Mikataba aliisoma kwa sauti ya padre anayetangaza ndoa, na akifika kwenye mshahara alinyamaza kidogo, kana kwamba anangoja mwenye pingamizi. Kelestini, aliyetoka Michenga kwenda kukata mkonge, alimtazama asubuhi nzima. Zamu yake ilipofika, udadisi ukamshinda.

“Shikamoo, karani. Hapo kwenye mshahara huwa unamngoja nani?”

“Marahaba,” karani akasema, akainamia karatasi, akausoma tena mstari ule, safari hii kimoyomoyo. Ulikuwa mshahara wa wapaliliaji, na hawa wote walikuwa wakataji, wanaolipwa zaidi. Wengi walishaweka dole na kupanda lori. Dereva akapiga honi, akasema watarekebishiwa huko huko shambani.

“Huko atawasemea nani?” karani akauliza, akawaita washuke. Kwenye kila mkataba akafuta mshahara ule, akaandika wa wakataji, na kando yake, yeye mwenye saini ya madaha, akabandika dole gumba lake mwenyewe.

“Si unajua kuandika?” Kelestini akashangaa.

“Saini naweza kuikana.”

Akawafuta wote vidole, mmoja mmoja. Cha kwake akakiacha.